Saa 552 za Mama

Mama alianguka Jumanne alfajiri akienda kuwafungulia kuku. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na ua wetu huko Bunyore, kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia, umejaa mawe ambayo yakilowa huwa sabuni. Hakuanguka kutoka mtini wala hakugongwa na boda boda. Aliteleza akiwa amesimama wima, akatua kwa ubavu wa kushoto, basi. Mjukuu aliyempelekea maziwa saa moja na nusu ndiye aliyemkuta ameegemea banda, kuku wakimpigia kelele kutoka ndani.

Nilipata simu nikiwa kazini Nakuru, kati ya kipindi cha pili na cha tatu. "Mama ameanguka kidogo," dada yangu akasema. Nikauliza kama anaongea. Anaongea. Kama amekula. Amekunywa chai. Nikarudi darasani.

Alhamisi dada alipiga tena: mguu umekataa kukanyaga, na wazee wa boma wameonelea aitwe mwunga mifupa wa ng'ambo ya mto. Malipo ni shilingi 1,500. Mama, kama wazee wengine waliotimiza miaka 70 na kuandikishwa, hupokea shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, ruzuku ya serikali kwa wazee, lakini za mwezi huo zilikuwa zimeshaliwa na mbolea. Nikatuma mimi kwa M-Pesa, na ya kutolea juu. Nalisema hili mapema ili anayesoma asije akadhani nimekuja hapa kuishtaki hospitali.

Mzee huyo namheshimu. Nilipokuwa darasa la sita nilianguka kutoka kwenye mpera nikavunjika mkono, akaufunga kwa vipande vya mwanzi na kamba za mkonge, na mpaka leo mkono huu unaoandika umenyooka. Ila mfupa wa mkono wa mtoto uko pale chini ya ngozi, unaupapasa kwa vidole, na damu yake ni ya moto. Nyonga ya bibi wa miaka 79 imezikwa chini ya nyama. Alipapasa alichoweza, akasema kiungo kimechomoka, akavuta. Dada anasema yowe la Mama lilisikika hadi kwa jirani wa tatu. Akamfunga, akaacha mafuta ya kupaka, akaahidi kurudi baada ya wiki.

Nilifika Jumapili usiku. Nilipomfunua blanketi niliona mambo mawili: kisigino cha kushoto hakikufika pale kilipofika cha kulia, na wayo wa kushoto ulikuwa umelala kwa nje, kidole gumba kikitazama ukuta. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Sikujua kwamba hizo ndizo dalili mbili ambazo daktari wa mifupa huziona akiwa bado mlangoni. Nilijua tu kuwa miguu iliyolingana Krismasi sasa hailingani.

Jumatatu tukakodi Probox ya kubebea mboga, tukalaza viti vya nyuma, tukatandika godoro. Kila tuta barabarani nilihesabu kwa sauti ya Mama.

Picha ya eksirei ilionyesha shingo ya fupa la paja imekatika. Daktari kijana alinichorea nyuma ya bahasha. Juu kabisa ya fupa la paja kuna kichwa cha mviringo kinachokaa ndani ya tundu la nyonga, na kati ya kichwa na mwili wa fupa kuna shingo nyembamba. Mishipa inayokilisha kichwa damu hupanda kwa kuambaa shingo hiyo. Shingo ikikatika na vipande vikahama, mishipa nayo huraruka, na kichwa kinabaki kama tunda lililoachana na kikonyo: ukilitazama ni zima, lakini linakufa. Ndiyo maana kwa mzee wa umri wa Mama aghalabu hawahangaiki kuunga. Wanakitoa kichwa na kuweka cha chuma. Plasta haifiki huko, wala mwanzi.

"Ataingia lini?" nikauliza.

"Tunamweka kwenye orodha."

Orodha hiyo ilichukua siku 17. Sitaitaja hospitali, na kusema kweli wauguzi wake waliniacha na deni la shukrani. Mama alilazwa mguu ukivutwa na uzito uliofungwa kwa kamba na kuning'inia mwisho wa kitanda. Kulikuwa na sababu kila siku, na kila sababu ilikuwa ya kweli. Ajali ya matatu imeleta vijana watano. Mashine ya kuchemshia vifaa imeharibika. Bima italipa sehemu, lakini chuma chenyewe mnunue, na chuma ni bei ya ng'ombe wa maziwa. Kundi la WhatsApp la ukoo likachanga, wengine wakatuma emoji ya kuomba.

Ni katika siku hizo 17 nilipoanza kusoma. Saa za kuona wagonjwa zikiisha, nilikaa kwenye benchi nje ya wodi na simu, nikitafuta utafiti juu ya kuvunjika nyonga uzeeni. Nilitarajia kutoelewa kitu. Lakini majaribio ya kitabibu, ukishavuka majina ya mifupa, ni hesabu za kidato cha tatu: chukua watu wengi, wagawe kwa kura, kundi hili lifanyie hivi, lile vile, kisha subiri uhesabu waliokufa na wanaotembea.

La kwanza lililonikamata linaitwa HIP ATTACK, lililochapishwa mwaka wa 2020. Watafiti walioliongoza walikuwa Hamilton, Kanada. Waliwagawa kwa kura wagonjwa 2,970 katika hospitali 69 za nchi 17, wastani wa umri miaka 79, sawasawa na Mama. Kundi moja lilikimbizwa: kwa kawaida lilifika chumba cha upasuaji saa 6 baada ya kugunduliwa limevunjika. Kundi la pili lilingoja utaratibu wa kila siku, ambao uligeuka kuwa saa 24. Baada ya siku 90, waliokufa walikuwa asilimia 9 kwa waliokimbizwa na 10 kwa waliongoja. Tofauti hiyo haitoshi kusema kasi iliokoa maisha.

Nakiri nilipumua. Nilijiambia: unaona, kungoja hakuui. Nikamtumia dada ujumbe wa kumtuliza.

Kesho yake asubuhi nikipiga mswaki nikaona aibu. Mwanafunzi wangu akirefusha mstari wa grafu nje ya mahali data ilipoishia, namkata alama mbili na kumwandikia kwa wino mwekundu. Jaribio lile lililinganisha saa 6 na saa 24. Mama alikuwa na saa 300 na zaidi. Halikusema neno lolote juu yake. Na hata ndani ya mipaka yake, waliokimbizwa waliweweseka wachache zaidi, asilimia 9 dhidi ya 12, wakasimama mapema na kurudi nyumbani mapema. Usiku uliotangulia Mama alikuwa amemwita muuguzi kwa jina la shangazi yangu aliyefariki zamani, akimwomba awafungulie kuku.

Lakini kilichonisimamisha hasa kilikuwa neno moja katika maelezo ya mbinu. Saa zinahesabiwa tangu mvunjiko ugunduliwe. Tangu kugunduliwa, si tangu mtu aanguke. Uingereza nayo, ambako hospitali tangu 2010 huongezewa malipo zikimfanyia mgonjwa upasuaji ndani ya saa 36 na kutimiza masharti mengine, saa huanzia mlangoni. Siwalaumu. Mtafiti hupima kile anachoweza kukibadilisha, na huko mtu akianguka gari la wagonjwa linakuja. Saa za kabla ya mlango ni chache mno kujaza jedwali.

Kwetu jedwali linaanza kwa kuku. Kuanzia Jumanne alfajiri hadi Jumatatu tuliyopiga eksirei ni saa 144. Kuanzia hapo hadi Alhamisi aliyopasuliwa ni saa 408. Jumla 552. Zile 408 ningeweza kuandika makala ya hasira, na watu wangebonyeza alama ya kidole gumba. Zile 144 ni zangu. Zina neno "kidogo" ndani yake, zina kipindi cha tatu, zina shilingi 1,500.

Mwaka 1968 daktari Louis Solomon alichapisha utafiti wake kutoka Johannesburg ulioonyesha kwamba Waafrika huko walivunjika shingo ya paja mara chache sana wakilinganishwa na watu wa Ulaya. Wazo hilo lilikaa sana: kwamba hili ni gonjwa la wazungu wazee, sisi mifupa yetu ni migumu. Huenda kuna ukweli ndani yake. Mama amebeba maji na kuni kichwani tangu utotoni, na mfupa hupenda mzigo. Lakini ukihesabu watu kwa kuwasubiri hospitalini, unahesabu waliofika. Hadi siku ya sita Mama hakuwa katika hesabu ya mtu yeyote. Kama angekata roho kitandani kwake wiki ya tatu kwa nimonia au vidonda vya kulalia, tungesema mazishini kwamba aliugua kidogo baada ya kuanguka, uzee ukamchukua, na mhubiri angesoma Zaburi ya 90. Ni wangapi wamezikwa hivyo kati ya miji yetu ya Luanda na Yala? Siku hizi kuna watafiti wanaohesabu upya mivunjiko hii Zimbabwe, Gambia na Afrika Kusini. Natamani waje na huku, na waanzie kwa mwunga mifupa, maana yeye ndiye mwenye orodha.

Hapa niruhusu nipotee kidogo. Bunyore inajulikana kwa mambo mawili, mawe na mvua. Wazee wa ukoo wa Nganyi wamekuwa wakitabiri mvua tangu enzi za mababu kwa kusoma miti, ndege na upepo. Miaka kadhaa iliyopita wataalamu wa idara ya hali ya hewa, badala ya kuwacheka, walikaa nao wakalinganisha utabiri wao na wa mitambo, kisha wakatoa taarifa kwa pamoja. Kama hilo liliwezekana kwa mvua, sioni kwa nini halitawezekana kwa nyonga. Hakuna anayehitaji kumfundisha mzee wa ng'ambo ya mto upasuaji. Afundishwe kuangalia visigino na kidole gumba tu. Mguu ukiwa mfupi na umelala nje, asivute. Apige simu, na alipwe zile 1,500 kwa kupiga simu. Nilimweleza baadaye, akanisikiliza hadi mwisho, akasema mbona hakuna aliyewahi kumwambia.

Rudi wodini. Siku ya upasuaji Mama alikataa sindano ya ganzi ya mgongoni. Wanawake wote wanne wa chumba kile walikuwa na ndugu aliyechomwa sindano hiyo wakati wa kujifungua na mgongo ukamsumbua tangu hapo. Alitaka nusukaputi, alale asijue kitu. Nilikuwa na jibu kwenye simu: jaribio la REGAIN, Marekani na Kanada, 2021, wagonjwa 1,600. Siku 60 baadaye, waliokuwa wamekufa au wameshindwa kutembea wenyewe walikuwa asilimia 18.5 kwa waliochomwa mgongoni na 18.0 kwa waliolazwa usingizi. Kwa maneno ya Kinyore nilimwambia: njia zote mbili zinafika sokoni. Akaniuliza, "Na hao watu 1,600, wametoka wapi?" Nikamwambia mbali. "Basi muulize daktari wa hapa." Daktari wa hapa akasema kwa moyo na shinikizo la damu la Mama yeye angependelea mgongo, na amezoea. Mama akakubali papo hapo. Takwimu zangu zilikuwa sahihi na hazikuhitajika.

Kuhusu damu, hapo zilihitajika. Baada ya upasuaji kiwango chake cha hemoglobini, ile chembe nyekundu inayobeba oksijeni katika damu, kilishuka hadi 8.6, na ukoo mzima ulikuwa umeshaletwa kwa matatu kuja kutoa damu, mikono ya mashati imekunjwa. Daktari akasema hataongezewa. Mjomba akasimama: wanamnyima damu kwa sababu ni mzee? Nilimpeleka kando nikamweleza habari ya jaribio la FOCUS la 2011. Wagonjwa 2,016 waliotoka kupasuliwa nyonga, wote wenye maradhi ya moyo au walio katika hatari ya kuyapata, waligawanywa: hawa waongezwe damu mara tu wanaposhuka chini ya 10, wale wasubiri mpaka 8 au mpaka wapate dalili. Hapakuwa na tofauti katika kufa wala katika kushindwa kutembea. Mjomba alifikiri. "Kwa hiyo damu hii tuliyoleta?" Ikaenda kwa kijana mmoja wa ile ajali ya matatu. Nadhani katika yote niliyoyasoma hakuna utafiti unaostahili kubandikwa ukutani kwa hospitali zetu kama huo, kwa sababu huku chupa ya damu hutafutwa kwa kupigiana simu.

Chuma chake kilishikizwa kwa saruji. Si saruji ya duka la vifaa, ni aina ya plastiki inayoganda, lakini Mama alilipenda neno hilo na kulieneza. "Wamenijenga kwa saruji kama choo cha shule," aliwaambia wageni wote. Ipo hoja nyuma ya saruji hiyo: jaribio la Uingereza lililochapishwa 2022, wagonjwa 1,225, lilionyesha kuwa waliowekewa saruji waliishi maisha bora kidogo kuliko wasiowekewa, na fupa kuvunjika tena pembeni mwa chuma kulikuwa nadra zaidi kwao.

Siku iliyofuata muuguzi alifika na kifaa cha kutembelea chenye miguu minne. "Nyanya, leo tunasimama." Alisimama, akatukana kwa lugha ambayo muuguzi hakuielewa, akapiga hatua nne.

Nilikuwa nimesoma kwamba REGAIN walipima kutembea kwa umbali wa futi 10, kama kuvuka chumba. Niliona ni kipimo kizuri mpaka tulipomrudisha nyumbani. Kuvuka chumba aliweza. Tatizo ni kwamba maisha ya mama yangu hayako kwenye chumba, yako chini ya magoti. Mafiga yako chini, na mpishi hukaa kwenye kigoda. Mboga huchambuliwa kwenye mkeka. Choo ni cha shimo, hatua 40 nyuma ya migomba, na pale mtu huchutama. Tuliambiwa asichutame, asikalie kitu kifupi kuliko goti, asikunje mguu kupita kiasi, la sivyo kichwa cha chuma kitachomoka kwenye tundu lake. Yaani tulipewa nyonga mpya na orodha ya kila kitu alichokuwa akikifanya, chini yake neno "usifanye".

Fundi wa jua kali pale Luanda alituokoa. Alichukua kiti cha chuma, akakata tundu, akachomelea mikono pande mbili, akakipaka rangi ya bluu iliyobaki kwenye geti la mtu. Kiliwekwa juu ya shimo. Jiko likainuliwa kwa matofali. Kigoda kikafichwa, akakipata, kikafichwa tena. Sijaona jaribio lililopima siku ambayo mgonjwa aliweza kupika ugali mwenyewe, na ningependa kuliona, maana hiyo ndiyo siku aliyoanza kutufokea kama zamani.

Kuna jambo moja lililobaki na linaniuma. Karatasi ya kuruhusiwa ilikuwa na dawa za maumivu, za kuzuia damu isigande na tarehe ya kutoa nyuzi. Hakuna mstari juu ya mifupa yenyewe. Mtu aliyevunjika kwa kuteleza tu akiwa amesimama ana mifupa iliyolegea, na nyonga ya pili inangoja zamu. Mwaka 2007 jaribio la HORIZON, watu 2,127 waliokwisha kuvunjika nyonga, lilitoa dripu ya asidi ya zoledroniki mara moja kwa mwaka kwa nusu yao; wote walipewa kalsiamu na vitamini D. Waliovunjika tena, mfupa wowote, walikuwa asilimia 8.6 kwa waliopata dripu dhidi ya 13.9 kwa wasioipata. Waliokufa, 9.6 dhidi ya 13.3. Piga hesabu: kwa kila watu 19 hivi wanaopata dripu, mmoja anaepuka kuvunjika tena. Kwa mwalimu wa hesabu hiyo ni namba nzuri kuliko nyingi. Niliichapisha, nikaenda nayo kliniki. Daktari aliisoma kwa makini, akapima figo zake, akatuandikia. Dawa tuliipata Kisumu baada ya kuuliza maduka manne.

Mwezi Julai, jirani yetu mzee, aliyewahi kuwa karani wa soko, aliteleza akitoka kanisani. Watoto wake walinipigia simu kwanza, labda kwa kuwa nimewachosha na habari hizi. Nilikuwa likizo, nikafika kwa miguu. Nikaangalia visigino. Nikamwita mwenye Probox. Kabla hatujaondoka nilichana karatasi kwenye daftari la mjukuu wake nikaandika: ameanguka saa sita na dakika ishirini mchana.

Saa nane na robo tulikuwa kwenye dirisha la mapokezi. Karani aliuliza jina, umri, kata, nambari ya simu ya jamaa. Nikampa ile karatasi. Aliitazama, akatazama fomu yake juu hadi chini, akageuza na upande wa pili. Hapakuwa na mahali pa kuiandika. Akafikiri kidogo, akaandika 12:20 pembeni, kwenye ukingo, karibu na tundu la faili.